Hesabuni mpaka sita kabla ya kuagiza chipu sita

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wa safu yenu ya ufundi. Wiki mbili zilizopita alijibu swali la msomaji mwenye sintesaiza ya zamani, Roland Juno-106, ambayo "inakwaruza mara nyingine, mara nyingine inatulia". Jibu lilikuwa fupi: chipu za sauti zimekufa, agiza sita mpya ubadilishe zote, vitelezi, vile vishikizo vya kusogeza huku na huku juu yake, vipulizie mafuta, na ikishindikana, kitupe hicho kinanda ukatumie programu ya kompyuta.

Programu za kompyuta sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na hayo mengine, kwa sababu kinanda cha aina hiyo hiyo, chenye ugonjwa huo huo, kilikaa juu ya meza yangu miezi kadhaa, na kilichokifikisha mezani kwangu ni ushauri kama huo huo.

Nijitambulishe kwanza. Mimi ni fundi mstaafu wa mitambo ya simu. Kinanda sijui kupiga hata kwa kidole kimoja. Kilicho changu ni mita, chuma cha kulehemu, osiloskopu ya zamani, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, ambayo kioo chake kimeanza kufifia, na masikio. Mpwa wangu ndiye mpigaji. Alikileta kimefungwa kwenye blanketi, akakiweka mezani, akasema, "Shangazi, huyu mgonjwa madaktari wamemkatia tamaa."

Nilipofungua blanketi nilicheka. Juu ya vibao alikuwa amebandika vipande vya karatasi, kila kimoja na alama ya X. Vilikuwa kumi na moja. Kila kibao kilichowahi kukwaruza alikitia alama, kisha kesho yake kikakwaruza kingine, naye akaongeza karatasi. Nikamwambia abandue zote. Akaniangalia kama ninayefuta daftari lake la madeni.

Mhariri, katika mitambo ya simu neno tulilolichukia kuliko yote ni hilo la "mara nyingine". Mteja akisema simu yake imekufa, kazi ni nyepesi, unafuata waya mpaka ulipokatika. Lakini akisema ina kelele mara nyingine, ujue karibu hakika kosa haliko kwake. Waya wa mteja ni wake peke yake mpaka kituoni. Akishafika kituoni anapewa njia yoyote iliyo wazi kati ya njia wanazochangia wote. Moja ya hizo ikiwa mbovu, watalalamika watu kumi wa mitaa tofauti, na kila mmoja atasema "mara nyingine". Fundi mgeni anazunguka akibadilisha simu kumi. Fundi aliyezoea anakaa pale pale kituoni, anahesabu.

Juno-106 ndivyo ilivyo. Ilitoka mwaka 1984, ina vibao 61, lakini ndani yake mna njia sita tu za sauti. Ndiyo maana haiwezi kutoa noti zaidi ya sita kwa pamoja. Ukibonyeza kibao, kompyuta ndogo iliyomo ndani inakitafutia njia iliyo wazi, na kibao kile kile ukikibonyeza tena kinaweza kupewa njia nyingine kabisa. Kwa hiyo kibao kinachokwaruza sasa hivi hakina hatia yoyote. Ni mteja tu aliyeunganishwa kwenye njia mbovu.

Nikamwambia mpwa wangu abonyeze kitufe cha POLY 1, ambacho hugawa njia kwa zamu, afupishe mkia wa sauti, kisha apige kibao kimoja, aachie, angoje sauti iishe, apige tena. Mimi nikachukua penseli. Sauti safi nukta, kelele msalaba, kimya duara. Alipiga mara thelathini. Karatasi ile ninayo mpaka leo: nukta, duara, nukta, msalaba, nukta, nukta, nukta, duara, nukta, msalaba, nukta, nukta. Mara tano bila kukosea, kama shanga zilizotungwa.

Msalaba tuliutarajia. Duara ndiyo iliyotushangaza. Miezi yote ile noti moja katika kila sita ilikuwa haitoki kabisa, na mpwa wangu alidhani ni vidole vyake vinavyoteleza.

Kisha tukabonyeza POLY 2. Humo, ukipiga noti moja moja, kinanda hurudia njia ile ile. Sauti ikatoka safi, tena na tena, kana kwamba hakijawahi kuumwa. Fundi mwenye haraka angeandika hapo hapo kwamba kimepona, akarudisha skrubu.

Kinanda chenyewe kina mlango wa uchunguzi ambao mwandishi wenu hakuutaja, na laiti angeutaja pekee, asingekuwa na haja ya kuandika mengine. Unashikilia kitufe cha KEY TRANSPOSE huku unawasha. Kinaingia katika hali ya majaribio, na kila unapobonyeza kibao, kioo kidogo kinakuonyesha namba ya njia inayolia. Hakuna kubahatisha. Kilipoonyesha 4 tulisikia kama mafuta yanayorukaruka kwenye kikaango. Kilipoonyesha 2 hatukusikia kitu. Moja, tatu, tano na sita zilikuwa nzima.

Nne nzima kati ya sita, Mhariri! Mwandishi wenu angezing'oa zote.

Sasa nieleze ile njia ya pili ilikufaje, kwa sababu hapo ndipo penye uchungu wangu. Kabla ya kuja kwangu, kinanda kilipitia kwa fundi mmoja. Simtaji wala simjui. Alitoa chipu ya njia ya pili, akaweka mpya "kuona kama itasaidia", haikusaidia, akahitimisha kwamba zote sita zimekwisha. Ile ya zamani alimrudishia mpwa wangu ikiwa ndani ya kikopo. Namshukuru kwa hilo, maana wengi huzitupa.

Nilianza na umeme. Haijalishi dalili ni gani, ninaanza na umeme. Kinanda hiki kinatumia volti 15 chanya, volti 15 hasi na volti 5, na mojawapo ikiyumba utasikia magonjwa ya kila namna, wala lolote halitakuwa kwenye chipu. Kapasita kubwa, zile zinazotunza chaji ya umeme, zikikauka, unasikia mvumo wa chini usiokwisha. Lehemu ya kidhibiti volti ikipasuka, kinanda kinazimika kikipata joto na kuwaka kikipoa. Nilipima zote tatu baridi, nikakiacha saa nzima kiwake, nikapima tena. Zilikuwa sawa, na kwenye osiloskopu mstari ulinyooka. Ni dakika chache za kazi, na zilinipa haki ya kuendelea. Nitoe tahadhari moja, kwa sababu safu yenu haikuitoa: eneo la swichi na transfoma lina umeme wa ukutani, na kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya. Kama hujui pa kuweka kidole, usiweke.

Baada ya umeme nikataka kuhakikisha kwamba vibao kweli havihusiki. Juno-106 ina MIDI, lugha ya kuunganisha vinanda iliyoanza kutumika 1983, mwaka mmoja tu kabla yake. Mpwa wangu akaja na kinanda kingine, tukaunganisha kwa waya, tukakipiga kile na kusikiliza hiki. Msalaba na duara vikabaki pale pale.

Hapo ndipo nilipoingia kwenye bodi ya sauti. Kila njia ina safari fupi. Inaanzia kwenye vihesabio vya dijitali, chipu mbili za aina ya 8253, kila moja ikiwa na vihesabio vitatu, jumla sita. Hivyo ndivyo vinavyoamua noti iwe juu au chini, na ndiyo sababu Juno haitoki kwenye tyuni kama vinanda vingi vya kabla yake. Kutoka hapo inakwenda kwenye MC5534A, chipu inayoumba umbo la wimbi, na ziko tatu, kila moja ikihudumia njia mbili. Mwisho inaingia kwenye 80017A, moja kwa kila njia, yenye kichujio na kikuza sauti pamoja. Hizi za mwisho ndizo zinazosemwa vibaya dunia nzima, na ndizo mwandishi wenu aliziita "chipu za sauti".

Niliweka ncha ya osiloskopu mahali wimbi linapoingia kwenye 80017A ya njia ya nne. Meno ya msumeno, makali na safi. Nikaiweka linapotoka. Msumeno ule ule, lakini umeota manyoya, na kila baada ya sekunde chache unaruka juu kama mtu aliyekanyaga mwiba. Kwa hiyo kosa liliingia katikati ya pini hizo mbili. Huo ndio ushahidi niliokuwa nautaka kabla sijawasha chuma cha kulehemu.

Kwenye njia ya pili wimbi lilifika vizuri kabisa mpaka mlangoni kwa chipu, tena ile mpya. Lakini kwenye pini za kutokea, kimya. Nikaigeuza bodi, nikachukua kioo cha kukuzia. Pini moja ilikuwa imezungukwa na kivuli chembamba cheusi. Niliisukuma kwa kijiti cha meno ikacheza. Kijiduara cha shaba kinachoshika pini kilikuwa kimeng'oka kwenye bodi, kikabaki kinaelea, kikionekana kama kimeshika.

Anayejua kulehemu ameshaelewa kilichotokea. Mtu alivuta chipu kabla lehemu haijayeyuka pini zote. Kwenye bodi za umri huo shaba haina tena mshiko ilioondoka nao kiwandani, ukivuta kwa nguvu inakuja na pini. Kwa nje unaona lehemu inang'aa, mita ndiyo inayosema ukweli: hakuna mawasiliano. Nilichukua uzi mmoja wa waya mwembamba, nikaulehemu kwenye pini, nikaupeleka mpaka kituo kinachofuata kwenye njia hiyo ya shaba. Urefu wake haufiki nusu ya kiberiti. Nikawasha, namba 2 ikaonekana kwenye kioo, na sauti ikatoka.

Mpwa wangu aliipiga noti ile mfululizo mpaka nikamwomba apumzike.

Nikageukia njia ya nne. Nilitoa 80017A taratibu, pini moja baada ya nyingine, nikinyonya lehemu na kuitikisa kila pini kwa ncha ya kibano kuona iko huru. Ilinichukua karibu saa nzima. Mahali pake sikurudisha chipu, niliweka soketi ya mstari mmoja, ili anayekuja baada yangu asihitaji moto tena. Kisha nikafungua kile kikopo. Ile chipu ya zamani ya njia ya pili, iliyohukumiwa kuwa maiti, nikaichomeka kwenye soketi ya nne.

Ikalia safi.

Hebu Mhariri litazame jambo hilo. Kwa kuichomeka tu nilijua mambo mawili kwa pamoja: kwamba chipu ya nne ndiyo mbovu kweli, kwa sababu mahali pake panafanya kazi ikikaa nyingine, na kwamba chipu ya pili ilitolewa ikiwa hai. Yule fundi hakuponya ugonjwa aliokuta na akaacha mwingine juu yake. Simlaumu kwa mkono kuteleza. Shaba nimeing'oa mimi pia, mara zisizohesabika. Ninamlaumu kwa kutopima baada ya kuweka mpya. Chipu mpya ikikaa kimya, swali la kwanza ni "nimefanya nini mimi?", siyo "ngapi nyingine zimekufa?"

Nije kwenye chipu mbovu, ambayo mwandishi wenu anashauri itupwe. 80017A si chipu ya kawaida. Ni kigae kidogo cha seramiki chenye vijipande vingi juu yake, kimezamishwa kwenye gamba jeusi la resini. Ndani mna chipu ya kichujio, IR3109, na ya kukuza sauti, BA662, na mara nyingi hizo hazina shida yoyote. Mgonjwa ni gamba. Kadiri miaka inavyokwenda, resini ile iliyokusudiwa kuzuia umeme inaanza kuupitisha kidogo kidogo, kutoka mahali usipotakiwa kwenda mahali usipotakiwa. Mara inakwaruza, mara sauti inashuka, mara noti inaning'inia na kukataa kunyamaza. Kilichokuwa koti la mvua kimegeuka nguo mbichi mgongoni.

Dawa inayojulikana kwa wanaovitengeneza vinanda hivi ni kuivua. Unailoweka kwenye asetoni, ile inayotumika kuondoa rangi ya kucha, lakini iwe asetoni halisi isiyo na manukato wala mafuta. Hapa niungame kosa langu, kwa kuwa nimemsema mwenzangu vya kutosha. Niliimimina kwenye kikombe chepesi cha plastiki kilichokuwa karibu, nikaenda kupokea simu. Niliporudi kikombe kilikuwa kimekaa chini kama ngamia, asetoni imetambaa mezani, na chipu imelala juu ya uji mweupe. Sikuwa mgeni wa asetoni. Nilikuwa na haraka. Tumieni chupa ya kioo yenye kifuniko cha chuma, mbali na moto, dirisha likiwa wazi. Mvuke wake unawaka.

Siku ya kwanza hakuna unachokiona. Siku ya pili kingo zinaanza kuvimba na gamba linapasuka kama udongo wa mtoni baada ya mvua kukatika. Siku ya tatu nililitoa kwa kibano cha mbao, likaja vipande vipande. Majaribu yako hapa. Kuna vipande vinavyong'ang'ania katikati ya pini, na mkono unakutuma uvikwangue kwa wembe. Usikwangue. Vijipande vilivyo chini yake ni vidogo kuliko punje ya mchele, kimoja kikitoka umemaliza. Rudisha kwenye asetoni, ngoja siku nyingine, kisha sugua kwa mswaki laini. Mwisho inabaki seramiki nyeupe yenye vijipande vyake vyote, utadhani imetoka kiwandani jana. Nikaisuuza kwa spiriti, nikaiacha ikauke usiku mzima, nikairudisha kwenye soketi ya nne.

Ililia. Kelele hakuna. Ila sauti yake ilikuwa nyangavu kidogo kuliko za wenzake, na hilo ni la kutarajiwa: kila njia ina vitrima vyake vidogo kwenye bodi vya kurekebisha kichujio na kikuza sauti, na chipu ikishavuliwa au kubadilishwa vipimo vya zamani haviifai tena. Hali ile ile ya majaribio ndiyo inayotumika. Unakifanya kichujio kipige mluzi chenyewe, unazungusha kitrima mpaka mluzi wa njia zote sita uwe mmoja. Mpwa wangu alifanya kazi hiyo kwa sikio, mimi kwa mita. Alinipita. Ninayemshangaa ni mtu anayeagiza chipu sita mpya, anaziweka, harekebishi kitrima hata kimoja, kisha anasema chipu za siku hizi hazina sauti ya zamani.

Sasa niwe mkweli mpaka mwisho, maana mwandishi wenu akinijibu atanishika hapa. Zile nne nzima niliziacha na magamba yao. Miezi mitatu baadaye mpwa wangu alipiga simu: "Shangazi, namba moja imeanza kutema mate." Akakirudisha, nami nikazitoa zote zilizobaki na kuzivua, moja moja, kila moja nikiiwekea soketi. Gamba ni lile lile na umri ni ule ule, hivyo hoja kwamba zote sita zina ugonjwa mmoja ina ukweli ndani yake. Kama angeandika hivyo, kwamba zote zitafuata na ni afadhali kuzishughulikia pamoja, tusingekuwa na maneno. Lakini yeye alisema zimekufa, na kwamba zitupwe. Kwenye kinanda hiki hakuna 80017A hata moja iliyokufa. Zote ziko kazini sasa, pamoja na ile ya kikopo, na ile mpya iliyonunuliwa bure nimeifunga kwenye karatasi ya aluminiamu ikae akiba. Wapo watengenezaji wengine wanaounda mbadala wa chipu hizi, na mbadala nzuri zipo. Kwa chipu ambayo seramiki yake imepasuka, mbadala ndiyo njia. Ziwe za mwisho kufikiriwa.

Suala la vitelezi nitalipitia haraka. Mafuta ya kawaida usipulizie. Yatalainisha kwa wiki moja, kisha yatashika vumbi na kugeuka kinamu, na kitelezi cha kichujio kitakuwa kama kisu kwenye asali. Fungua, ondoa vumbi kwa brashi, safisha kwa spiriti au kisafishaji kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, sogeza huku na huku mara ishirini. Vingi vinafufuka.

Lakini kuna jambo ambalo safu ile haikuligusa, nami naona ni kubwa kuliko chipu zote. Betri. Ndani ya Juno-106 mna betri moja bapa, CR2032, imelehemiwa kwenye bodi. Ndiyo inayotunza sauti 128 ulizozihifadhi pindi umeme unapozimwa. Ikichoka, unawasha siku moja na kukuta kazi yako ya miaka imefutika. Tulipoipima ya mpwa wangu mita ilisoma volti 2.6, wakati mpya inatakiwa kuzidi 3. Kabla ya kuigusa tulihifadhi sauti zote kwenye kaseti, kwa mlango wa kaseti ulio nyuma ya kinanda. Unabonyeza SAVE, redio-kaseti inarekodi mlio kama wa faksi inayogombana, unahakikisha kwa VERIFY, na hapo ndipo unaitoa betri. Mpya niliiwekea kishikio, ili siku nyingine ibadilishwe bila moto.

Hiyo ya Juno angalau ina adabu, ikifa inakufa na kumbukumbu tu. Wenye Korg Polysix, ya mwaka 1981, wasikilize zaidi. Betri yake ni ya kuchajiwa, ya nikeli na kadimiamu, na ikizeeka inavuja. Maji yake ni alkali, yanakula shaba ya bodi, nayo ndiyo bodi iliyobeba kompyuta na kumbukumbu ya kinanda. Nimeona moja ambayo njia za shaba zilikuwa zimegeuka kijani na nyingine zimetoweka kabisa, vitufe vinawaka ovyo, vingine havisikii. Kinanda kama hicho kinaweza kuwa kimekaa kabatini miaka kumi bila kuguswa, mwenyewe akidhani amekitunza. Kifungue wiki hii. Kama betri ni ya zamani, ikate uitoe, hata kama hujui utaweka nini mahali pake. Kama imeshavuja, futa kwa siki au ndimu kidogo kuua alkali, suuza kwa maji safi yasiyo na chumvi kisha spiriti, kausha, ndipo uanze kufuata njia moja moja kwa mita. Na atakayeweka betri ya lithiamu badala yake akumbuke kuzuia umeme wa kuchaji usiifikie, kwa diodi, kijipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Lithiamu ya aina hiyo haichajiwi.

Ninachoomba, Mhariri, ni masahihisho mafupi mahali pale pale jibu lilipochapishwa, kabla msomaji yule hajalipa. Mwambieni ashike KEY TRANSPOSE awashe, asome namba. Kama ni moja inayokwaruza, ni moja.

Mpwa wangu alikuja kukichukua Jumamosi iliyopita. Alipiga njia zote sita, moja baada ya nyingine, akiinamisha kichwa karibu na spika. Kisha akanyanyua uso, hana raha. "Shangazi, kuna kitu kinasema ssss."

Nilikwenda nikasikiliza. Alikuwa amewasha korasi namba mbili, ile inayonenepesha sauti. Ndani yake sauti hupitishwa kwenye chipu za kuchelewesha, MN3009, nazo hutoa upepo huo tangu siku zilipowekwa kiwandani. Nikabonyeza kitufe cha kuizima. Ukawa utulivu mtupu.

Akaiwasha tena, akasema bora ibaki.

Wenu,
Msomaji wa miaka mingi, fundi mstaafu wa mitambo ya simu